Siku ya Lori

Jumatatu, tarehe kumi Juni mwaka 1996, Apolonia alishusha magunia sita ya pamba kwenye uwanja wa mizani pale Kasoli, akaketi kwenye kigoda kumngoja mnunuzi. Zamani chama cha msingi cha ushirika kilibandika siku ya kununua mlangoni. Mtu alikuja siku hiyo, akauza, akarudi kwake. Sasa kampuni za kununua pamba zilikuwa tatu na mlangoni hapakubandikwa kitu.

"Lori linakuja lini?" alimuuliza Hilali, karani wa kampuni mojawapo, mtu mzima kutoka Bariadi mjini.

"Siku yoyote, mama. Usiondoke tu, likikukosa halirudi."

Kila gari liliponguruma barabarani, Apolonia aliinuka kutazama. Halikuwa lile. Kila alipoketi tena, aliingia ardhini kiasi cha kidole kimoja. Kufika Ijumaa udongo ulikuwa magotini. Wenzake nao walizama, lakini yeye aliwazidi, kwa sababu mama yake mzazi, Wilhelmina, alikuwa hoi huko Nkololo na ameshatuma watu mara mbili kusema anataka kumwona.

Nkololo ni nusu siku kwa baiskeli. Siku moja tu, jamani, kwenda na kurudi!

Jioni mumewe, Ndaki, alimletea ugali. Apolonia akamwomba amkalie pale hiyo siku moja.

"Pamba ni ya shamba lako," Ndaki alisema. "Nikiipeleka mimi mizanini, watu watasema Ndaki amekula pamba ya mke wake."

Hakuwa mume mbaya. Hakunywa, wala hakuwahi kumnyanyulia mkono. Aliogopa midomo ya watu, basi. Kesho yake alikuja na jembe, akafukua kidogo kuzunguka miguu ya mkewe ili damu itembee.

Muuguzi wa zahanati alipita, akachuchumaa, akampima presha, kisha akamwita mama kwa Kisukuma.

"Iko juu, mayu. Punguza mawazo. Kula mboga za majani, lala mapema."

"Haya, asante," alijibu Apolonia, akiwa amezama hadi kiunoni. Muuguzi akaandika kwenye daftari, akaenda kumpima aliyefuata. Uwanja mzima ulikuwa na presha hiyo hiyo.

Jumanne ulifika ujumbe wa tatu, kutoka kwa mdogo wake, Lukresia: mama anauliza utakuja siku gani. Apolonia alifikiri sana. "Mwambie siku yoyote," alisema.

Lori lilifika Jumamosi, tarehe ishirini na mbili, saa nne asubuhi. Wapagazi wawili walimfukua Apolonia kutoka kifuani kwenda chini, kisha wakapandisha magunia yake mizanini. Hilali alisoma uzito, akamwandikia stakabadhi.

"Siku hii uliijua?" Apolonia alimuuliza.

"Tangu tarehe tatu, mama. Ningeitaja, wale wengine wangetuwahi. Si unajua, soko huria." Alionekana kuona haya kweli. "Pole."

"Na mwakani?"

"Mwakani ni vilevile. Uje na jembe lako."

Siku kumi na mbili. Angekwenda, akamwogesha mama yake, akampikia uji, wakapiga soga hadi wachoke, akarudi, na bado angekaa kulingoja lori. Alipanda baiskeli na udongo wake vilevile.

Lukresia alimpokea uani, kanga kiunoni.

"Pole, dada. Tumemzika juzi."

Wakati akimngoja Apolonia, Wilhelmina alitaka kitanda chake kitolewe nje, kiwekwe uani, aione njia. Kila kengele ya baiskeli ilipolia, alijiinua kwa kiwiko, akatazama, akalala tena; na kitanda kikaingia ardhini kidogo. Wiki ya pili walikuwa wakipiga magoti kumnywesha uji. Siku za mwisho Lukresia alilala kifudifudi ukingoni mwa shimo ili kijiko kimfikie.

Apolonia alitazama kaburi pale pale uani. Lilikuwa refu na limenyooka vizuri, na alitaka awashukuru wanaume waliofanya kazi ile.

"Nani alichimba?"

"Hatukuchimba, dada," Lukresia alisema. "Tulifukia tu."