Mbuzi wa Sura ya Tatu

Kwa miaka minne Dokta alimfuga mbuzi ndani ya tasnifu yake. Udokta wenyewe alikuwa bado hajaupata, ila nyumbani walishaona kumngojea ni kujichosha, wakamwita hivyo tangu siku ya kujiandikisha.

Alikuwa akisoma barua za wanandoa wa enzi za mababu, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Humo wake walikuwa na mtindo wa kuwaita waume zao "mbuzi wangu". Dokta akang'amua: kumbe! Mbuzi enzi hizo alikuwa mali, basi kumwita mume mbuzi ni kumtukuza. Sura ya tatu nzima ikaota pembe. Msimamizi wake, profesa mwenye kusifu kwa kijiko cha chai, alimpenda mbuzi huyo mpaka akamwandikia makala.

Siku mbili kabla ya kuitetea tasnifu, shangazi yake, fundi cherehani, alikuja kumpunguzia sketi. Pini mdomoni, akainua nakala ya barua iliyokuwa mezani, akaisoma, akacheka hadi pini zikatawanyika sakafuni.

"Hapa wewe umesomaje, mwanangu?"

"'Mbuzi wangu, umeondoka na ufunguo wa ghala. Rudi upesi.'"

"Mbuzi na ufunguo, wapi na wapi? Be na pe walikuwa wanaziandika kwa herufi moja, mama yangu ndivyo alivyonifundisha. Huyu si mbuzi. Ni mpuuzi!"

Dokta alikaa kitandani na sketi yake ya upande mmoja. Akachukua barua nyingine, na nyingine. Mpuuzi wangu, viatu ulivyoniletea vyote ni vya kushoto. Mpuuzi wangu, nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Aliona aibu, tena aibu ya kuwasha masikio. Wanawake hawa walikuwa wakiwatania waume zao na kuwalilia kwa neno moja, naye kawafanya wachunga mifugo! Lakini hakuwahi kuwapenda kama alivyowapenda pale.

"Shangazi, nikinyamaza nani atajua?"

"Utajua wewe. Nitajua na mimi, na mdomo wangu unaufahamu."

"Wataninyima shahada."

"Mficha uchi hazai," shangazi akasema, akainama kuokota pini.

Siku ilipofika, chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na watahini watatu, msimamizi akiwa pembeni ametabasamu kama mzazi wa bibi harusi. Dokta alisimama kabla ya kuulizwa chochote.

"Naomba kwanza nimtoe mbuzi," akasema.

Akaeleza herufi, akasoma barua ya ufunguo, kisha ya viatu. Mtahini wa nje aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Msimamizi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nani aliyekusomea hivyo?"

"Shangazi yangu. Ni fundi cherehani."

"Amesomea wapi?"

"Kwa mama yake, jikoni."

Wakamtoa nje. Huko kwenye benchi alizika udokta wake, akaufanyia na matanga. Baada ya saa nzima wakamwita: amepita, kwa sharti aiandike upya sura ya tatu ndani ya miezi sita. Alilia mbele yao bila kujizuia, mtahini wa nje akammiminia maji.

Watahini walipoondoka, msimamizi alibaki akikusanya karatasi ambazo zilishakusanyika.

"Huyo shangazi yako," akasema bila kumtazama, "anapokea wageni saa ngapi?"

"Wakati wowote, Profesa. Kuna nini?"

"Nina barua sabini nyumbani. Mpaka asubuhi ya leo nilikuwa nazielewa zote."