Muhuri wa Mpakani

Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, anaapa kwamba uraia aliupata kwa kuimba. Eti ofisa alimwambia aimbe wimbo wa taifa, naye akaushusha beti zote kwa sauti ya kwaya. Ofisa akasimama wima mpaka mwisho, akasema, "Mama, wewe ni wetu." Cheti mkononi papo hapo.

Wengine walicheka. Mpiga pasi wa kwa dobi, mama ambaye naye alikuwa ameomba uraia, hakucheka. Kutwa alinyoosha mashati ya watu huku akiimba chinichini, hata dobi akamtania, "Shangazi, utatusimamisha wima sote humu, nani atafua?"

Cheti hakukitaka cha kuringia. Bintiye alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi, na chuo kinapokea raia tu. Maadamu hajatimiza miaka kumi na minane, angeingia uraia mgongoni mwa mama yake. Akishatimiza, aanze foleni yake mwenyewe.

Siku ya kuitwa, ofisa, kijana mwenye adabu zake, hakutaka wimbo. Alifunua pasipoti taratibu, kidole kikatua juu ya muhuri wa mpakani.

"Ulitoka mwaka huu, mama?"

"Nilikwenda kumzika mama yangu. Sikukaa, mwanangu. Tulipomaliza kuzika tu nikageuza."

"Sheria inataka uwe umekaa humu mwaka mzima mfululizo kabla ya kuomba. Hesabu inaanza upya tangu uliporudi."

Kaka zake, waliokwenda naye msibani, walikuwa wamepita njia za panya. "Dada, foleni ya nini na maiti inatungoja? Huku hakuna anayeuliza." Akawakatalia. Alisimama juani, akaomba muhuri wa kwenda na wa kurudi, ili siku ya kuomba uraia asije akaitwa mvunja sheria.

"Na ningepita porini?"

Ofisa alitupa jicho mlangoni. "Hilo usiniulize, mama."

"Mwakani binti yangu ni mtu mzima."

"Pole sana."

Alikuwa ameshafunga faili. Mpiga pasi akaweka kiganja juu ya lile faili, bila kukandamiza.

"Basi mimi niacheni, baba. Mwandikeni yeye. Yeye peke yake."

Ofisa alikitazama kile kiganja, akangoja kiondoke.