Mnong'ono wa Mrija Mtupu

Nilikuwa nitetee tasnifu yangu kesho yake asubuhi, na mtahini wa nje, mzee mwenye maswali kama ya baba mkwe, alikuwa ametuma swali moja tu: "Mrija mtupu mliupima?"

Hatukuupima. Mimi nilidhani mwanafunzi aliyenitangulia alishaupima. Profesa alidhani nimeupima mimi. Kutegeana huko ndiko kulikonifungia maabarani mchana kutwa.

Fuwele yangu, inayokaa ndani ya mrija huo, ni kaidi. Atomi zake zimekaa pembetatu pembetatu, na kila moja ni sumaku ndogo inayotaka kuwapa kisogo jirani zake wote wawili. Haiwezekani, maana hao wawili nao wanataka kupeana kisogo. Kwa hiyo hata ukiipoza vipi haitulii upesi. Usumaku unatangatanga humo kwa kujikwaa, njia nyingi zimezibwa, na mnong'ono wake tunaunasa kwa koili ya waya na kuusikia kwenye spika. Tasnifu nzima ni huo mnong'ono.

Nikaitoa fuwele, nikaurudisha mrija kwenye baridi ukiwa hauna kitu. Ukikaa kimya, nimepona. Sijawahi kuomba kitu kama nilivyoomba kimya siku ile.

Spika ikanong'ona.

Nikaisingizia lifti. Lifti ikasimama, spika ikaendelea. Grafu mpya ikalala juu ya ile ya zamani, sawasawa. Miaka yote nilikuwa nasikiliza mashine. Nikampigia Profesa.

"Pima tena," akasema, kwa sauti isiyo na nguvu.

Nikapima tena. Maji yalishazidi unga.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa mama, na begi lake la safari, amewatangulia ndugu zangu ili aje kuniona nikitetea.

"Mbona umekonda hivi, mwanangu? Huku huli?"

"Nakula, mama. Karibu."

Akavua viatu mlangoni, ingawa nilimwambia hakuna haja. Kisha akasimama, akatega sikio. Kila nilipompigia simu nilimsimulia jiwe langu linalonong'ona, na yeye akawasimulia majirani, wakamcheka.

"Ndilo hilo?" akauliza, akiinamia spika.

Akasikiliza muda mrefu. Machozi yakamlengalenga, akanishika mkono. "Nalisikia. Laiti waliokuwa wakinicheka wangekuwepo hapa."

Niliogopa kumtazama usoni.

"Mama," nikasema, "jiwe halimo."