Koo la Rakesh

Haika alinikuta naosha sahani yangu moja. Alisema "Shikamoo mama" pale mlangoni, na mimi mtu mzima nikalazimika kushika ukuta. Tangu Rakesh afe, hakuna aliyewahi kunisalimia kwa Kiswahili katika nyumba hii ya Kingsbury, huku England.

"Marahaba mwanangu. Ingia, usipigwe na baridi."

Kwao ni Moshi, kazi yake televisheni, na walikuwa wanaandaa kipindi kuhusu mume wangu. Rakesh, mtoto wa fundi cherehani wa Nakuru, aliirushia England mpira wa kriketi miaka mingi mpaka Waingereza wakamwita "wetu". Uwanjani walimshangilia. Kwenye basi walimtazama kama mtu aliyepotea njia. Haya, tuyaache.

Mimi Mgujarati wa Mwanza, yeye Mpunjabi. Mama yake alinisengenya kwa Kipunjabi, mama yangu akamsengenya kwa Kigujarati, nasi tukajifungia chumbani na Kiswahili chetu. Binti yetu anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza, na siku hizi hujibu kwa simu kutoka Leeds, akipata nafasi.

Haika akafungua kompyuta yake juu ya meza ya jikoni. Kwenye video, mpira wa Rakesh ulidunda, ukapinda kulia. Ukapinda kulia tena. Halafu, kwa mkono uleule, ukapinda kushoto, na mpigaji akageuka kutazama vijiti alivyopaswa kuvilinda vimelala chini. Nilicheka kwa sauti. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

"Mama, hii clip tumei-slow down mpaka macho yanauma," Haika alisema. "Experts wote wanasema hakuna aliyewahi kujua ule wa kushoto unakuja lini. Wewe ulikuwa unajua?"

Nilijua sana. Wao waliangalia mkono, masikini. Mimi niliangalia koo. Kabla ya kurusha ule wa kushoto, Rakesh alimeza mate; kikoromeo kikapanda, kikashuka. Koo hilo nililifahamu kabla sijaifahamu kriketi, maana lilifanya hivyohivyo siku alipomwapia baba yangu kwamba bia haijui hata harufu. Mwenyewe hakuwa na habari, na sikumwambia. Mume akishajua unamsoma, utasoma nini tena?

Mara ya mwisho ilikuwa hospitali. "Ni vidonda vya tumbo tu," aliniambia. "Jumapili niko nyumbani, Ushma." Kikapanda, kikashuka. Nikamjibu vizuri, nitakupikia mbaazi, kisha nikaenda kulia chooni ili asinione. Jumapili ile nilizipika hizo mbaazi. Nilizila peke yangu.

Haika alikuwa bado ananisubiri. Nilijua kabisa kwamba nikimwambia, atarudi kesho na kamera, na keshokutwa, na nyumba itajaa shikamoo. Nilitamani mno. Mwenye njaa hachagui chakula, na mimi nilikuwa na njaa ya mtu. Lakini kipindi kikishatoka, kila mtu angelikodolea macho koo la mume wangu, na vingine vyote vya Rakesh vilishachukuliwa na watu. Hicho tu ndicho kilikuwa changu.

"Sikujua," nilisema.

"Hata wewe, mama?"

"Hata mimi, mwanangu. Alinidanganya kama alivyowadanganya wengine."

Nikameza mate. Haika alikuwa anaiangalia mikono yangu, iliyotulia mezani kando ya chai. Aliniamini. Akamaliza kikombe chake, akanikumbatia, akaaga kuwahi treni ya Stratford.

Nilisimama dirishani mpaka akapotea kwenye kona, mkono wangu shingoni, nikimwonea wivu Rakesh. Yeye alikuwa na mtu wa kulisoma koo lake.