Pana Mwenyewe

Sokoni pale kufuli lilikuwa aibu. Mwenye kutia kufuli alichekwa, akaulizwa kama kwao wanalala macho. Mtu akitaka kwenda msalani, au kwenda kuzika, au hata kwenda kujifungua na kukaa huko mpaka kitovu cha mtoto kikauke, alitandika kitambaa juu ya meza yake akaenda zake. Meza iliyofunikwa ilikuwa na mwenyewe. Mteja akija akashika pembe ya kitambaa, jirani alimkemea: "We, pana mwenyewe!" Kama jirani anazijua bei aliuza kwa niaba, hela akaisokomeza chini ya kitambaa. Na msidhani hapakuwa na wezi. Walikuwapo, tena mabingwa, lakini hata wao kitambaa walikiheshimu.

Karibu na lango alikaa fundi cherehani mmoja ambaye watu walimwita Mkasi, na hawakumwita hivyo kwa sababu ya kazi. Ulikuwa ulimi wake. Hakuolewa wala hakuzaa, alikuwa na mdogo wake tu. Wazazi wao walifariki yeye akiwa msichana anayejifunza kukunja pindo, na mdogo wake bado anatambaa. Akawa anakuja naye sokoni mgongoni. Sasa mtoto anayetambaa na sindano wapi na wapi! Muuza vitunguu wa meza ya jirani, mama mtu mzima mwenye kicheko cha kifuani, akasema, "Mlete huku huyo mume wangu kabla hujamshona na suruali ya mtu."

Basi mtoto akakulia chini ya meza ya Bibi Vitunguu. Alilala kwenye gunia tupu, akaota meno pale, akajifunza kusimama kwa kushika mguu wa meza ile. Bibi alimwita mume wangu alipokuwa na makamasi, akamwita mume wangu alipokwenda shule kwa ada ya pindo na vifungo vya dada yake, na alipogombea udiwani akamwita hivyo hivyo mbele ya watu. Mkasi ndiye aliyemwombea kura, meza kwa meza. "Huyu hamchagui mtu baki," aliwaambia. "Mnamchagua mtoto mliyemlea." Wakampa kura zote.

"Mume wangu kapata kazi ya kusema," Bibi aliwatangazia wateja. "Eti nami nimwite Mheshimiwa. Thubutu! Mtu nimemfuta makamasi kwa upindo wa nguo yangu!"

Paa la soko lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha, muuza unga alikuwa wa kwanza kulia. Kila asubuhi mkusanya ushuru wa halmashauri alipita meza kwa meza, na kila mwaka waliambiwa paa linakuja. Kwa hiyo siku ile mdogo wake Mkasi aliposimama juu ya kreti la soda, shati limenyooka, akasema fedha za paa zimepatikana, vigelegele vilivyopigwa havisemeki.

"Tutawaomba mpishe mafundi kwa muda," akasema. "Mtakaa kule uwanjani, nyuma ya karakana ya halmashauri. Meza zenu ziacheni kama zilivyo. Nyie funikeni tu."

Funikeni tu! Neno hilo lilimaliza mjadala kabla haujaanza, maana mtu wa nje asingelijua. Lilikuwa neno la nyumbani. Ni muuza nyama peke yake, mtu mzito wa maneno machache, aliyenyoosha mkono. "Mheshimiwa, si vibaya tukiandikishiana."

Mkasi akamgeukia kabla mdogo wake hajafungua kinywa. "Kuandikishiana? Lini uliona mtu wa soko hili anaandikishiana na mwenzake? Huyu kalala chini ya meza hizi wewe ukiona! Au siku hizi nyama inakupanda kichwani?"

Watu wakaangua kicheko. Muuza nyama akashusha mkono wake taratibu, naye akacheka kidogo ili yaishe.

Wakafunika. Bibi Vitunguu hakukubali kutumia kitambaa cha kila siku. Alitoa sandukuni kile cha buluu chenye maua meupe, ambacho Mkasi alikuwa amemkunjia pindo zamani kwa mkono, mishono midogo midogo. Akakitandika, akakipapasa, akaweka jiwe la mizani kila pembe. "Tutaonana, mama," akaiambia meza yake, na watu wakamtania kwamba ameanza kuaga mbao.

Uwanja wa nyuma ya karakana ulikuwa wa vumbi na mafuta machafu. Kivuli hakuna, maji hakuna, na hakuna mtu aliyepita pale ila aliyepotea njia. Ushuru lakini uliwafuata, huo haukupotea njia. Bibi alikaa chini ya mwavuli uliokatika vijiti, vitunguu vyake vikiota majani mbele ya macho yake. Kila asubuhi aliuliza, "Paa limefika wapi?" Mkasi akamjibu, "Linaendelea, Bibi." Yeye mwenyewe hakujua. Soko lilikuwa limezungushiwa mabati marefu, na kila akimpigia mdogo wake simu, alijibiwa yuko kikaoni. Hicho kikao kilikuwa hakina mwisho.

Mvua ikaja, ikawakuta uwanjani. Bibi akashikwa na kikohozi, kikashuka kifuani mahali kilipokuwa kicheko, kikakaa. Hospitalini walimpa kitanda karibu na dirisha. Hakulalamika juu ya dawa wala juu ya chakula. Alilalamika juu ya meza.

"Nani anaiangalia?"

"Imefunikwa, Bibi."

"Mume wangu anajua kwamba imefunikwa?"

"Anajua. Si yeye aliyesema?"

"Basi vizuri," akasema Bibi, akageukia dirishani. Hayo ndiyo aliyoondoka nayo. Kesho yake alfajiri akafariki.

Mazikoni diwani alikuja, akabeba jeneza begani kama watu wengine, akalia. Yalikuwa machozi ya kweli, mtu asimsingizie. Mkasi aliyaona, na kwa siku kadhaa yalimtuliza moyo.

Baada ya miezi mingi mabati yakaondolewa. Loo! Badala ya soko lao kulikuwa na jengo la vioo, refu, linang'aa, limeachiwa lango la zamani tu kwa ajili ya pambo. Watu wakakimbilia pale na magunia yao mgongoni. Askari wa kampuni ya ulinzi akawazuia, na ofisa wa halmashauri akatoka kuwasomea sheria ndogo: meza ya soko isiyofanyiwa biashara kwa miezi mitatu inahesabiwa imetelekezwa na mwenyewe, inarudi mikononi mwa halmashauri. Walizitelekeza wenyewe, alisema, hakuna aliyewafukuza. Na halmashauri ikampa mwekezaji, mwenye jengo lile, eneo lote, bila kodi ya ardhi, kwa miaka ambayo hata wajukuu wao hawataimaliza. Ushuru pia kasamehewa mpaka asimame vizuri. Fedha za paa? Hizo ndizo zilizojenga lami mpya, mitaro na taa, mpaka mlangoni kwake. Mtu ana magari ya kubadilisha kama soksi, anasaidiwa asimame. Muuza mchicha anatozwa ushuru wa kukalia vumbi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji tukamzika.

Muuza nyama alimtazama Mkasi mara moja, akatazama pembeni. Mkasi alitamani amtukane, matusi angeyajibu.

Vitambaa vyao vilitupwa nyuma ya ukuta, lundo zima, wapaka rangi wakiwa wamefutia brashi zao. Kila mmoja akafukua chake kama anayefukua maiti. Mkasi alikitambua cha Bibi kwa mishono yake mwenyewe. Alikifua, akakianika, akakifua tena. Rangi haikutoka.

Wiki moja kabla ya ufunguzi, mdogo wake akamfuata nyumbani. "Dada, vaa, nikakuonyeshe kitu." Sura yake ilikuwa ile ya utotoni, ya mtoto aliyeficha zawadi mgongoni. Mkasi alikuwa amenuia kumpa kitambaa cha Bibi, awe na kumbukumbu ya aliyemlea, akakitia mkobani, wakaondoka.

Ndani kulinuka rangi, na sakafu ilikuwa baridi mpaka kwenye nyayo. Alimpeleka kwenye duka dogo la vioo karibu na lango, akasukuma mlango. "Hili lako. Hulipi kodi. Nimekupigania mpaka jasho limenitoka. Cherehani yako hapa, nguo unazitundika pale, watu wanakuona toka barabarani. Umenisomesha, dada. Nisikukumbuke?"

Mkasi alitazama lango, akapakumbuka palivyokuwa: hapa pa cherehani, halafu meza ya jirani. Akasogea hatua, akasimama.

"Unapajua hapa palikuwa nini?"

Mdogo wake akatazama sakafu. "Napajua."

"Hapa uliota meno."

"Dada, najua."

"Neno lile la kufunika. Nani alikufundisha uwaambie?"

Akajibu kwa upole, kama mtu aliyesubiri kwa muda mrefu apate nafasi ya kujieleza. "Walitaka kuleta polisi. Virungu, mabomu ya machozi, na Bibi yumo. Nikawaambia hakuna haja, watu hawa nawajua. Waambieni wafunike, wataondoka wenyewe kwa amani. Mimi niliwaokoa. Hakupigwa hata mtu mmoja."

"Na Bibi?"

"Bibi alikuwa mzee, dada."

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, lakini huyu, Mkasi alimbeba mgongoni. Maumivu aliyoyasikia hayakuwa ya hasira. Laiti yangekuwa ya hasira! Alimwona mtoto wake amepotea mbele ya macho yake, yuko hapo hapo, amevaa suti, na yeye hajui amtafutie wapi.

Akafungua mkoba. Akatoa kitambaa cha buluu chenye maua na madoa, akapiga magoti, akakitandika katikati ya sakafu ile inayong'aa, akakipapasa mpaka kikanyooka. Akainuka, akaenda zake.

Alipofika mlangoni alisikia vicheko ukumbini. Mwekezaji alikuwa anawatembeza wageni, na mfagiaji yuko mbele yao anafutafuta. Mfagiaji akachungulia dukani. "Mheshimiwa, hiki nikitupe?"

Mkasi akasimama bila kugeuka. Alimpa nafasi, kama alivyompa zamani alipokuwa ameshika mguu wa meza anajaribu kutembea: hamwiti, hamshiki, anangoja. Aliomba maneno mawili tu. Maneno ambayo kila mtoto wa soko lile aliyasema kabla hajajua kuhesabu.

"Kuna nini, ndugu yangu?" Mwekezaji akauliza huku akicheka.

"Hamna kitu," mdogo wake akasema. Halafu, kwa mfagiaji: "Kitupe tu."

Mkasi akatoka. Alipita kwenye lami mpya, chini ya taa mpya, analia waziwazi, na waliomwona walidhani amefiwa. Hawakukosea.

Uwanjani jua lilikuwa kali na vumbi liko palepale. Cherehani yake ilikuwa chini ya kitambaa kama alivyoiacha. Kando yake, juu ya gogo lake la kukatia, alikaa muuza nyama anapunga nzi.

"Kuna mama alikuja na gauni la kupunguza," akasema bila kumtazama. "Alitaka kulipeleka kwa fundi mwingine. Nikamwambia pana mwenyewe."

Mkasi akafunua. Gauni lilikuwa pale, limekunjwa vizuri, na hela ya kutanguliza chini yake. Akaanza kumwomba radhi. Muuza nyama akamsogezea kiti kwa mguu.

"Kaa, dada," akamwambia. "Kaa kwanza."