Roboti ya Shangazi

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata mwenye nyumba aliyemzidi umri. Alishona sare za shule, na jina hilo lilitokana na mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Mtoto alirithi jina la babu yake, kwa hiyo Shangazi alimwita Baba.

Enzi hizo roboti za kuunganisha mwenyewe zilijaa madukani: vipande vya plastiki, mota ndogo, nyaya na karatasi ya maelekezo. Jumamosi wawili hao walisogeza vitambaa pembeni ya cherehani, Baba akakaza skrubu, Shangazi akasoma maelekezo kwa sauti. Kisha simu zikaingia, watoto wakainamia vioo, roboti zikapotea. Baba naye akakua, akaenda mbali kusomea uhasibu, akaoa hukohuko.

Shangazi hakuwa mtu wa kulalamika. Alihamia kwenye sufuria ndogo, akawa anaacha redio ikiongea hata asipoisikiliza. Baba alipompigia, yeye ndiye aliyetangulia kusema, "Najua una haraka."

Siku moja, akitoka kupeleka sare, aliyaona maboksi ya roboti zile dirishani mwa duka la vitabu. Akaingia kabla hajajua anaingia kufanya nini.

"Zimerudi kwa kishindo," muuza duka alimwambia, mama mchangamfu mwenye miwani ya kamba. "Wazazi wamechoshwa na simu, walimu wanazigombania. Unamchukulia nani?"

"Mtoto wa kaka yangu."

"Mkubwa?"

Ulimi hauna mfupa. "Yuko darasa la nne," Shangazi akajibu.

"Basi mlete Jumamosi! Tuna kikundi hapo nyuma, watoto wanaunganisha pamoja."

Alinunua roboti moja, akaiunganisha peke yake, mezani kwa cherehani. Alisoma mstari kwa sauti, akaweka karatasi chini, akakaza, akaichukua tena. Palipohitaji mtu wa kushikilia, alibana kiwiliwili cha roboti kwa magoti. Ilipokamilika akaiwasha, nayo ikatembea kinyumenyume mpaka ikagonga kabati.

"Mbona unarudi nyuma kama mtu aliyesahau ufunguo?" akaiuliza, akacheka. Kicheko kilisikika kikubwa mno chumbani, akakikatisha.

Jumamosi alijiambia anakwenda kuulizia hitilafu tu. Nyuma ya duka kulikuwa na meza fupi, watoto, na wazazi wachache waliosimama ukutani. Muuza duka alikuwa ameshatenga kiti.

"Kijana wetu yuko wapi?"

"Anakuja."

Alikaa pembeni ya kiti kile kitupu, roboti mapajani. Kila mlango ulipofunguliwa, muuza duka aligeuka kutazama, na Shangazi naye, kwa aibu, akageuka kutazama. Mtoto mmoja alipotaka kukikalia, muuza duka akamzuia: "Hapana, mwenyewe yuko njiani." Hapo Shangazi akashindwa.

"Mwache akae. Hakuna anayekuja. Mtoto mwenyewe ana ndevu, ana mke, yuko mbali."

Wazazi wakacheka, wakidhani ni utani. Muuza duka hakucheka. Alivuta kiti kingine, akakiweka mezani katikati ya watoto. "Si ungesema tu, dada yangu. Hebu tuione hiyo roboti."

Kumbe alikuwa amepishanisha nyaya za mota. Walizibadilisha, roboti ikaenda mbele, watoto wakapiga makofi. Shangazi alitabasamu, akatafuta kwa macho mtu wa kumtazama, asimpate. Wazazi walikuwa wakiwatazama watoto wao.

Jioni alimpigia Baba, na safari hii hakutaja haraka. Alimweleza yote, pamoja na uongo wake. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Shangazi, wewe na roboti zako!"

"Zangu? Si zilikuwa zako, Baba? Wewe ndiye uliyezipenda."

"Mimi? Mimi nilitaka kucheza mpira na wenzangu. Lakini wiki nzima ulikuwa umeinama kwenye cherehani, husemi. Likifunguliwa boksi, unachangamka. Ningekuachaje?"

Miaka yote hiyo Shangazi alikuwa akiacha kazi za watu, macho yakimuuma, ili mtoto asijione yatima. Naye mtoto alikuwa akikosa mpira kwa ajili yake.

"Shangazi? Upo?"

"Nipo, Baba. Msalimie mkeo."

Alipokata simu hakuwasha redio. Alikaa akiikumbuka upya meza ya cherehani ya siku zile, mtoto akitazama dirishani, kelele za wenzake zikitoka nje, na yeye akisoma maelekezo kwa furaha bila kuinua macho. Alilia kidogo. Kisha akaichukua roboti, akaifungua skrubu moja moja, taratibu, akipenda jinsi kila kipande kilivyoachia kingine. Alipenda kweli. Hilo hakuwa amewahi kujiuliza.

Jumamosi iliyofuata alirudi dukani. Magoti hayakuingia chini ya meza ile fupi, akakaa upande, watoto wakamsogelea wakitaka awasomee maelekezo.

"Someni wenyewe," akawaambia, bisibisi mkononi. "Leo mimi nakaza."