Hati Iliyovishwa Plastiki

Nina duka la kutoa fotokopi jirani na ofisi za serikali, na watu wananiita Balozi. Si kwa heshima, ni utani, kwa sababu kila anayeleta hati zake za safari anatoka na nakala pamoja na hotuba. Namwambia aviringishe nguo badala ya kuzikunja, dawa na miwani akae nazo kwenye begi la mkononi, nakala moja aiache nyumbani na nyingine aiweke mbali na hati yenyewe. Haya yote nimeyaokota kwa wateja waliokwenda wakarudi. Mimi mwenyewe ndege naiona inapopita juu. Lakini mjuaji hakosi la kusema, nami nilikuwa mjuaji wa kupindukia.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Mwaka jana macho yake yalianza kufifia, akawa anatunga uzi kwa kupapasa. Daktari wake alisema waziwazi kwamba upasuaji anaouhitaji haufanyiki nchini, na miezi mitatu ikipita bila kupasuliwa, macho yote mawili yatazima. Hospitali moja ya ng'ambo ikakubali kumpasua bure, ikampangia Jumatano saa mbili asubuhi. Pasipoti ilichelewa, akapewa hati ya muda: karatasi moja tu, upande huu picha yake, upande wa pili mhuri wa ruhusa ya kuingia huko.

Nilimfungia mizigo mwenyewe. Begi nililipeleka bucha tukalipima kwenye mizani ya nyama, na muuza nyama akaniuliza kama anikatie na mifupa. Nililizungusha kamba mara nne.

"Kaka, huko nitalifunguaje?" mdogo wangu aliuliza. "Au nisafiri na wewe ndani?"

"Ningeingia, ila uzito umeshafika."

Tulicheka. Miezi mingi hatukuwa tumecheka nyumbani kwake.

Jumamosi, siku mbili kabla ya safari, alinyoosha mkono kutafuta sukari akakigonga kikombe. Chai ilitambaa mezani ikaishia kidole kimoja kabla ya ile hati. Niliikwapua. Nikafikiri: huyu haoni vizuri, anakwenda peke yake, na karatasi hii ndiyo macho yake. Nikaenda nayo dukani.

Miaka ishirini nimevisha plastiki vyeti vya ndoa, vya kuzaliwa, vya shule, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Mashine ilipopata moto nikaipitisha hati taratibu. Ikatoka ngumu, inang'aa. Niliona fahari, sitadanganya.

"Sasa hata ukiidumbukiza kwenye ndoo ya maji," nilimwambia.

Aliipapasa kingo zote nne akitabasamu. "Balozi wangu," alisema.

Jumatatu asubuhi, kwa sababu ya macho yake, waliniruhusu nimsindikize mpaka kwenye dirisha la uhamiaji. Afisa alikuwa dada mpole, umri wa mwanangu. Aliigeuza hati, akaikwaruza kwa ukucha.

"Nani ameivisha hii?"

"Mimi."

"Baba, hii siwezi kuipitisha. Mhuri haushiki juu ya plastiki, na hati iliyoguswa kwa namna yoyote inahesabika imeharibiwa. Imeandikwa hapa chini."

Kweli iliandikwa, kwa herufi ndogo, chini ya plastiki yangu. Karatasi za watu wote nazisoma, hiyo sikuisoma.

Nilimsihi. Nilimweleza habari ya macho, ya Jumatano, ya miezi mitatu. Aliita mkubwa wake, naye akatikisa kichwa. Ndipo nikaichukua hati nikaingiza ufunguo wa duka pembeni na kuvuta. Plastiki ikabanduka na wino wake. Kwenye picha ya mdogo wangu kikabaki kidevu.

"Acha, baba," afisa alisema, akanishika mkono. "Unazidi kuiharibu."

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, ameshika mkoba wa dawa kwa mikono miwili. "Kaka, mbona kimya? Tunapita?"

Afisa ndiye aliyemwambia.

Hati nyingine ilichukua wiki mbili. Hospitali ikaandika kwamba nafasi imekwenda kwa mgonjwa mwingine, na inayofuata ni mwaka ujao. Nilipomsomea daktari barua hiyo alivua miwani yake akaifuta, kisha akasema mwaka ujao hautatusaidia kitu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja mapema, na analala nami kitanda kimoja. Ningependa mdogo wangu anitukane. Kila siku nilikwenda kumwomba radhi, mpaka akaniambia, "Nimeshakusamehe, kaka. Usiniombe tena, unanichosha."

Wiki iliyopita aliniita. Nilimkuta ameketi dirishani, jua la saa sita linamwangukia usoni. Aliniambia ameanza kuwaangalia watu wake mmoja mmoja, ili abaki nao. Wanawe ameshawamaliza.

"Imebaki zamu yako. Sogea hapa kwenye mwanga," alisema. "Na usilie. Ukilia uso unakunjamana, nami nautaka ulivyo siku zote."

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Niliinua kidevu nikatulia kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, meno nimeyauma nisilie. Pumzi yake ilikuwa inanigusa mashavuni.

Alisubiri. Akageuza kichwa kidogo, akasubiri tena.

"Kaka," aliniuliza, "mbona husogei?"